Rauta Ukiipindua

Mpwa wangu,

Picha uliyonitumia juzi nimeiangalia sana. Nimeikuza kwa vidole viwili kama mlivyonifundisha, nikaipitia kona kwa kona, hadi mkaza mjomba wako akauliza kama nimetumiwa picha ya mchumba. Meza umeipiga vizuri, sikunyimi sifa yako. Miguu ya mbili kwa nne imesimama wima, maungio hayana uwazi, na rauta umeining'iniza chini kwa skrubu nne zilizozama sawasawa.

Ila nimeona na mengine. Ekstensheni umeiacha imeviringwa kwenye kibao chake. Plagi ina ufa. Kiti cha plastiki cha mtoto kiko hatua mbili kutoka mezani. Na kile kipande cha mbao ulichokitega tayari kwa kazi umekiweka mkono wa kushoto wa biti, kama mtu anayetaka kukisukuma kwenda kulia. Hicho kipande ndicho kilichonikalisha kitako niandike. Ningeweza kukutumia ujumbe wa sauti, lakini sauti utaisikiliza mara moja ukiwa kwenye daladala, halafu basi. Karatasi utaibandika ukutani.

Rauta ya mkononi unaijua. Miaka mitatu uliyokaa kwangu Keko umepiga kingo za vitanda na viti hadi mkono ukawa unakwenda wenyewe, huku mdomo unabishana na wenzako habari za Simba na Yanga. Na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Asiyejua kabisa huogopa, akauliza. Wewe hutauliza, kwa sababu mkono wako unajua tayari. Tatizo ni kwamba unajua ya mkononi, na hii umeipindua.

Hebu tuitazame pamoja. Ukiishika rauta mkononi, biti inatazama chini, na ukiichungulia kutoka juu inazunguka kama mishale ya saa. Ndiyo maana nilikuwa nakupigia kelele kwamba ukisimama mbele ya ukingo wa mbao uisukume kutoka kushoto kwenda kulia, ili meno ya biti yakutane na mbao uso kwa uso, yasiikimbize mashine. Sasa umeifunga chini ya meza, miguu juu. Mota ni ileile na mzunguko ni uleule, ila wewe unauangalia kutoka upande wa pili, kwa hiyo machoni pako biti inazunguka kinyume cha saa. Tena mkononi mbao hulala na mashine ikatembea. Mezani mashine imefungwa, mbao ndiyo msafiri.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya meza, fensi, yaani ule ubao wima wa kuegemezea mbao, ikiwa ng'ambo ya biti, mbao itoke mkono wa kulia iende mkono wa kushoto. Umesoma madrasa, sina haja ya kukutafutia mfano wa mbali: mbao inakwenda kama mstari wa msahafu. Ukijikuta unaisukuma kama mstari wa gazeti, umekosea. Ukiipeleka ipasavyo utaisikia inakukatalia kidogo, inakusukuma nyuma, na wakati huohuo inavutwa kwenye fensi. Huko kukataa ndiko salama yako. Ukiipeleka kinyume hutasikia kazi yoyote, mbao itakwenda kwa ulaini wa ajabu kwa nusu sekunde, kisha biti itaidaka na kuitupa. Mkono uliokuwa unaisukuma mbao utaifuata kule ilikokwenda, kwa sababu mwili hauwezi kuacha kusukuma kwa haraka hiyo.

Kuna na namna ya kukosea bila kugeuza mkono. Nilikuwa bado kijana pale Keko, mwenzangu mmoja alikuwa anataka kupunguza upana wa mikanda ya mninga. Mikanda ilikuwa myembamba, akaona taabu kuipitisha mbele ya biti, akarudisha fensi nyuma ili mkanda upite katikati, biti huku na fensi kule. Akausukuma kulia kwenda kushoto, sawasawa na sheria. Lakini kumbuka, ukipita nyuma ya biti, meno huko nyuma yanakimbia kwenda kushoto pia. Biti na mkono vilikuwa vinavuta upande mmoja. Mkanda ulitoka kama mshale, ukapita katikati ya watu wawili waliokuwa wanapiga msasa, ukatoboa kioo cha kabati la vyombo lililokuwa linamsubiri mwenyewe aje na gari. Vidole vyake vilisimama pungufu ya shubiri kutoka kwenye biti. Alicheka kwanza, sote tukacheka. Halafu akaketi juu ya rundo la maranda, akakaa hapo mpaka adhuhuri bila kushika kitu. Mbao isipite kamwe kati ya biti na fensi. Ukitaka kukata upande wa mbali, geuza mbao, usigeuze mahali pa fensi.

Sasa nije kwenye umeme, na hapa nivumilie kwa sababu nitakwambia jambo ambalo sikuwahi kukwambia ulipokuwa kwangu. Niliona aibu.

Unaliona lile tundu kwenye bati la banda langu nyumbani, upande wa mwembe, lile ambalo kila masika tunaweka ndoo chini yake? Uliwahi kuniuliza, nikakwambia ni embe lililoanguka. Embe halitoboi bati, mwanangu. Lile ni tundu la spana.

Nilikuwa nimeshahamishia kazi ndogondogo nyumbani, na meza yangu ya kwanza ya rauta nilikuwa nimeitengeneza kwa mlango wa zamani. Siku hiyo nilikuwa napiga mifuo ya droo. Katikati ya kazi mashine ikalala. Nikatazama taa ya banda, imezimika. Nikajua LUKU imekwisha, nikamwita mkaza mjomba wako, akajitanda kanga akaenda kibandani kwa wakala kununua. Mimi nikasema moyoni, muda huu usipotee bure, ngoja nibadilishe biti. Swichi ya rauta sikuigusa. Kwa nini niiguse, na mashine imekwisha kufa yenyewe? Nikapiga magoti, nikaingiza spana kwenye nati ya koleti, ile taya inayobana shina la biti, nikashika na ya pili kwenye shina, nikaanza kukaza mikono.

Yule mama alirudi haraka kuliko nilivyodhani. Akasimama mbele ya mita sebuleni, akabonyeza tarakimu zake 20 moja baada ya moja huku anazisoma kwa sauti. Nilikuwa namsikia. Namsikia kabisa anasema sifuri, tatu, tatu, nane, na mimi nimeshika spana kwenye koleti ya mashine yenye swichi iliyofunguliwa, na akili yangu haikuunganisha vitu hivyo viwili. Alipofika tarakimu ya mwisho mashine iliamka mikononi mwangu.

Spana ya chini ilinipiga vidole ikaanguka. Ya juu iligonga mguu wa meza, ikapanda, ikatoka kwenye bati. Tuliikuta asubuhi kwa jirani, kwenye banda la kuku. Kidole changu cha shahada kilivimba kama muhogo, ukucha ukatoka baada ya wiki mbili, na huo uliopo sasa, umeuona, umeota upandeupande. Biti haikunigusa. Ilikuwa imebaki upana wa kiganja. Mkaza mjomba wako alisikia kishindo, akaja mbio, akanikuta nimekaa chini nimekumbatia mkono. Akasema, "Si umeme umerudi, mbona unalia?" Mpaka leo hajui kwamba ni yeye aliyeiwasha, na wewe usije ukamwambia.

Najua utanijibu kwamba siku hizi mgao umepungua, Bwawa la Mwalimu Nyerere linazalisha tangu 2024, na wewe LUKU yako unainunua kwa simu. Nunua kwa simu ukitaka. Umeme hukatika kwa nguzo iliyoangukiwa na mnazi, kwa fyuzi ya mtaa, kwa mtoto aliyechomeka pasi. Kukatika hakudhuru mtu. Kinachodhuru ni kurudi, na warsha ya nyumbani inatumia mita moja na jikoni, kwa hiyo anayekurudishia umeme ni mtu wa ndani asiyejua uko chini ya meza.

Dawa ziko mbili, na nataka zote mbili. Ya kwanza ni swichi. Kuna swichi ya boksi yenye vifungo viwili, kijani na chekundu, kama zile zilizopo kwenye mashine za randa za kiwandani. Ndani yake kuna koili yenye sumaku inayoshikilia mguso pale tu umeme unapopita. Umeme ukikatika sumaku inaachia, na ukirudi hakuna kinachozunguka mpaka mtu abonyeze kijani kwa kidole chake. Waambie wauza vifaa vya umeme Kariakoo unataka swichi ambayo umeme ukirudi haijiwashi. Usiridhike na ya ukutani ya kawaida. Ifunge mbele ya meza, upande wa goti lako la kushoto, ili uweze kuizima kwa paja mikono yote ikiwa kwenye mbao. Rauta yenyewe utaifungia swichi yake ikae imewaka, na hii ya boksi ndiyo itakuwa bwana.

Dawa ya pili nilijitungia mwenyewe baada ya lile tundu. Spana zangu mbili za koleti nimezifunga kamba, na kamba hiyo nimeifunga kwenye shingo ya plagi. Urefu wake shubiri mbili, hauzidi. Spana haiwezi kufika kwenye biti mpaka plagi itoke ukutani na kuja nayo mezani. Vijana wangu wa banda walinicheka, wakasema mzee kafunga plagi kamba kama mbuzi. Wacheke. Wenyewe mpaka leo hawajaweza kubadilisha biti bila kuchomoa, hata walipokuwa na haraka ya sikukuu.

Na hiyo ekstensheni ifungue yote kabla ya kazi. Mashine ya wati 2,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 inavuta karibu ampea 9, na waya ulioviringwa hauna pa kutolea joto. Nimeona kibao kimeyeyuka kikawa kama halua. Tafuta waya wa milimita mraba 2.5, ulio mfupi iwezekanavyo, na uupitishe ukutani, usiulaze sakafuni unapokanyaga.

Kuhusu mashine yenyewe sitasema mengi, umeshainunua. Ila nilipoiona plagi nilishtuka, nikadhani ni zile za mtumba kutoka Uingereza zenye plagi ya njano ya duara. Zile ni za volti 110, za maeneo yao ya ujenzi, zinatumia transfoma. Kuna mjanja hapa mtaani aliikata ile ya njano akafunga ya kwetu ya pini tatu. Ilinguruma vizuri kuliko mashine zote duniani, kwa muda wa kuhesabu mpaka nne.

Zaidi nataka uangalie koleti. Soko letu linapokea mzigo kutoka kila pembe, na hapo ndipo watu wanapoponzwa. Biti za vipimo vya Kiingereza zina shina la robo inchi au nusu inchi, yaani milimita 6.35 na 12.7. Za vipimo vingine zina 6, 8 na 12 kamili. Kwa macho huwezi kutofautisha 6 na 6.35, na muuzaji atakwambia zote "ndogo". Shina la 6 ukilibana kwenye koleti ya 6.35 litakaza, utaamini limekaza, kisha kwenye kazi litaanza kutambaa. Mfuo unaanza na kina cha milimita 5 unamalizika na 8, na wewe unalaumu meza. Hiyo ni heri. Shari ni pale linapotoka kabisa. Nunua kalipa, hata ya bei ya chini, pima kila shina kabla hujalipa. Ukiingiza biti, izamishe mpaka iguse chini, kisha irudishe juu kama milimita 3 ndipo ukaze. Ikiwa imegota chini, nati inabana lakini taya haikumbati.

Mwendo nao. Rauta nyingi kubwa zina gurudumu dogo la kupunguza kasi, na wengi wenu hamligusi tangu siku ya kununua. Biti ya upana wa milimita 25 ikizunguka mara 24,000 kwa dakika, ncha ya jino lake inakwenda kama kilomita 113 kwa saa. Sasa fundi asiyeligusa gurudumu hilo anapata kazi ya milango ya kabati, ananunua biti kubwa ya paneli yenye upana wa milimita 80, anaifunga, anawasha kwa mwendo uleule. Ncha inakwenda kilomita 362 kwa saa. Treni ya SGR uliyopanda kwenda Dodoma, ile uliyonisimulia kwamba miti ilikuwa inafutika dirishani, mwendo wake mkubwa ni 160. Biti hiyo haikuundwa kwa kasi hiyo. Hadi upana wa 25 nenda mwendo wa juu, ikifika 50 shuka mpaka 16,000 hivi, na biti ya paneli ikae 10,000. Biti nzuri huwa imeandikwa shinani mwendo wake wa mwisho, ukitazama kwa tochi utauona. Na biti ya paneli ni ya mezani tu. Nikisikia umeishika mkononi nitakuja kukunyang'anya mashine.

Juu ya meza umetumia plaiwudi ya 18, tabaka mbili. Vizuri. Ungetumia MDF huku Pwani, masika moja tu ingevimba kingo kama maandazi, labda uifunike fomaika pande zote, juu na chini na pembeni. Lakini bamba ulilofungia rauta ni plastiki, nalo litakuinamia. Rauta kubwa ina kilo tano au sita, inaning'inia hapo mchana na usiku. Laza rula ya chuma juu ya bamba leo, chomeka kipande cha karatasi ya daftari chini yake katikati. Kisipopita, ni sawa. Fanya hivyohivyo baada ya mwezi. Bamba likishabonyea hata nusu milimita, kila ulimi utakaoukata utakuwa na kiuno, na mlango hautakaa kwenye fremu, utahangaika na gundi na misumari kwa kosa lisilokuwa la gundi. Kule mtaa wa Gerezani wanauza mabaki ya aluminiamu. Tafuta la milimita 8, lisawazishe na uso wa meza kwa skrubu ndogo za pembeni mpaka ukucha ukipita usihisi ngazi. Tundu la biti lizibwe kwa pete, libaki kubwa kuliko biti kwa kidogo tu, mbao isije ikachungulia ndani ikakwama.

Fensi usiipe heshima kubwa kuliko inayostahili. Watu huhangaika kuifanya iende sambamba na ukingo wa meza, wanafunga reli na vipimo. Biti ni duara, haijui ukingo wa meza uko wapi. Kinachotakiwa ni uso ulionyooka na uliosimama wima juu ya meza, basi. Mimi yangu ni mninga uliokaa miaka sita darini, imefungwa ncha moja kwa bolti kama bawaba, ncha ya pili klampu. Na hapa kuna siri ndogo: biti ikiwa katikati, ukisogeza ncha ya klampu milimita 2, pale kwenye biti fensi imesogea 1. Kwa hiyo marekebisho ya unywele unayafanya kwa kugonga ncha kwa kiganja, ukiwa umeweka alama ya penseli. Umenitazama nikigonga miaka mitatu, ukadhani mzee anabahatisha.

Tengeneza na kitana. Chukua ubao laini, kata kichwa chake kwa mshazari wa nyuzi 30, kisha upasue mistari ili yabaki meno membamba ya milimita 3 hivi yanayochezacheza. Ukikibana juu ya meza kinaisukuma mbao kwenye fensi na kuikataza kurudi nyuma, kazi ambayo vidole vyako vingeifanya kwa hatari. Tengeneza na kisukumio cha kumalizia ncha ya mbao, ukitundike kwenye msumari hapohapo mbele, kwa sababu kisukumio kilicho ng'ambo ya banda hakitumiki. Kipande kifupi kuliko dhiraa usikishike kwa mikono mitupu. Ukihitaji urembo mdogo, piga ukingo wa ubao mpana kwanza, kisha ndipo uukate urembo wako kutoka humo.

Wanasema polepole ndiyo mwendo, na mimi nimewahi kukwambia hivyo kwa mambo mengi. Kwenye rauta sivyo. Mbao ikisimama mbele ya biti, hata kwa kusita kidogo unapobadilisha mkono, inaungua, na doa jeusi lile utalipiga msasa mpaka mlango uharibike umbo. Kata kidogo lakini usisite. Mfuo wa kina cha milimita 10 uupige kwa mara tatu, kila mara ukiinua biti, na kila mara mbao ipite kwa mwendo mmoja kama unayemimina chai. Masikio yatakwambia: mashine ikiguna unalazimisha, ikilia kwa sauti ya mbu unachelewa. Na ukizungushia ubao pande zote nne, anza na vichwa, malizia na ubavu. Biti ikitoka kwenye kichwa cha mbao lazima imegue vibanzi pembeni, na ukipita ubavuni baadaye unavifuta. Ukianza na ubavu, mmeguko unabaki kwenye kazi iliyokwisha.

Msonobari unaoununua sasa, ule wa Sao Hill unaoshuka kutoka Mafinga, mwingi unafika bado mbichi. Usiupitishe mezani siku unapoununua. Upange na vijiti katikati, uache upumue, uone kwanza unataka kujikunja wapi. Mbao iliyopinda haiwezi kukaa kwenye fensi, itacheza, na inayocheza hudakwa. Mvule ni hadithi nyingine. Mti ule una tabia ya kuficha jiwe ndani, jiwe jeupe kama chokaa, huwezi kuliona kwa nje. Meno ya biti ni ya kabaidi, magumu, lakini hayana uvumilivu, yakikutana na jiwe yanavunjika kama kioo. Ukisikia mlio uliobadilika ghafla kwenye mvule, zima. Usimalizie kwanza.

Na vumbi lake usilidharau. Sisi tulikuwa tunajifunga kitambaa puani, tukijiona tumefanya jambo. Mvule unawasha koo na ngozi, mkongo unakupigisha chafya mpaka machozi. Hayo ndiyo yanayoonekana upesi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lililiweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995, saratani ya pua hasa. Mimi mwaka huo nilikuwa nalala bandani juu ya maranda. Nunua barakoa ya kweli yenye chujio, toboa fensi nyuma ya biti ufunge bomba la mashine ya kuvuta vumbi, na usilifagie likiwa kavu. Viziba masikio pia, kwa sababu usipovivaa utaanza kumpigia kelele mkeo mezani ukidhani unaongea kawaida, kama mimi.

Glovu usivae. Najua zinaonekana kama kinga, lakini kwenye kitu kinachozunguka glovu ni kamba unayompa biti akuvute nayo. Mikono ya shati ikunje juu ya kiwiko, pete ivue, na kandambili hizo ninazoziona kwenye picha ziache mlangoni.

Kile kiti cha mtoto, sijui nikwambieje. Najua anapenda kukaa akakutazama, na wewe unapenda akutazame. Mimi pia nilikaa hivyo kwa baba yangu, lakini baba alikuwa na tezo na randa ya mkono, vitu vinavyokwenda kwa nguvu ya mtu. Mhamishe akae upande wako wa kulia, nyuma yako, mbali. Upande wa kushoto wa meza ndiko mbao inakotokea, na ikidakwa inatupwa kulia kwa mstari wa fensi, kwa hiyo hata kulia asikae kwenye mstari huo. Bora zaidi akutazame kupitia dirishani, umtengenezee kibao cha kusimamia.

Jumapili nakuja baada ya adhuhuri. Kamba ya spana ninayo, nimeikata tayari. Wewe nunua plagi nzima, hiyo yenye ufa uitupe leo, usiiweke kwenye kopo la akiba. Na usiiwashe meza hiyo mpaka nifike. Nitaleta kipande cha msonobari kibovu, tutakipitisha mashine ikiwa imezimwa na plagi iko mfukoni mwangu, mara ishirini, kulia kwenda kushoto, mpaka mkono wako usahau.

Mjomba wako.